Chini ya Kitanda cha Mama

Jumanne, usiku

Huku ughaibuni ukisikia Waswahili wananong'ona kwamba fulani hana makaratasi, yaani hana ukaazi halali, usidhani hana karatasi. Mdogo wangu hana makaratasi, na chini ya kitanda cha mama kuna sanduku zima la karatasi zake.

Leo nimelivuta tena. Kibali chake cha kazi kinaisha baada ya siku 9, na maombi ya kukihuisha tuliyotuma miezi 5 iliyopita hayajajibiwa. Kazini wameshamwambia Alhamisi ijayo ndiyo mwisho. Wamemwandikia barua ya upole mno. Ningeona afadhali wangekuwa wakali.

Tuliingia Marekani mwaka 2004 kwa viza ya matembezi, mimi nina miaka 17, yeye 5. Viza ikaisha, tukabaki. Mimi baadaye niliolewa na raia, nikapata grini kadi. Yeye hakuwa na mlango wowote hadi Obama alipotangaza DACA, mpango wa kutowafukuza kwa muda vijana walioletwa nchini wakiwa watoto na kuwapa kibali cha kazi, tarehe 15 Juni 2012. Masharti: uwe uliingia kabla ya kutimiza miaka 16, uwe umeishi hapa mfululizo tangu 15 Juni 2007, na siku yenyewe ya tangazo uwe ulikuwepo nchini.

Hilo la mwisho ndilo lililotutoa jasho. Ripoti za shule tunazo zote, maana tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1982 shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa ajili ya makaratasi. Lakini siku ile shule yake ilikuwa imeshafunga. Utathibitishaje kwamba mtoto wa miaka 13 alikuwepo Ijumaa fulani? Mama alichakura siku mbili, akaibuka na risiti ya daktari wa meno. Jino la nyuma, kushoto, limezibwa. Tarehe ile ile! Nimeishika leo. Wino umefifia, namba zinaonekana ukiielekeza kwenye taa tu, ila mama alishaitolea kopi tatu.

Alipofika miaka 15 tukalipa dola 465, akachukuliwa alama za vidole. Tangu hapo maisha yake yanakwenda kwa vipande vya miaka 2. DACA si ukaazi wala si uraia. Ni serikali kukwambia kwamba kwa sasa haitakufukuza, na wewe umeshaipa anwani yako. Mwaka 2017 Trump akatangaza kuifuta. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikamzuia kwa kura 5 kwa 4, kwa kuwa utaratibu wa kuifuta ulikosewa, basi. Muswada wa kuwapa vijana hawa njia ya uraia ulifika Bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Mdogo wangu alikuwa na miaka 2, Marekani hajaiota.

Kuna wanaoniambia, na wengine ni ndugu kabisa, "Si atarudi kwao tu?" Kwao. Kiswahili chake ni cha kugombezwa: zima taa, funga mlango, hujala? Kila anachosema mama anakielewa, na hujibu kwa Kiingereza. Nikamfikiria amesimama dirishani kwenye ofisi ya serikali, anaomba kitambulisho kwa Kiswahili cha zima taa, nikacheka peke yangu. Kisha nikajisikia vibaya.

Jioni akaja, akanikuta sakafuni nimezungukwa na ripoti za darasa la pili.

"Dada, acha," akasema. Hata hiyo "acha" ni ya mama.

Akampa mama barua ya kazini. Mama hakuwa na miwani.

"Ina tarehe?"

Nikamwambia inayo.

"Na jina lake kamili?"

"Lipo, mama."

Akaomba kitoboleo, akaitoboa matundu mawili, akaipachika mwisho wa faili la mwaka huu.