Siku moja shedi ya mizigo: "Dada, simu inasema imefika"

Saa 11 alfajiri nagombania daladala Gongo la Mboto. Saa 12 na nusu nimeshavaa kizibao cha kung'aa, niko shedi ya mizigo ya ndege, uwanja wa Nyerere. Ukisema unafanya kazi uwanja wa ndege, watu wanakuona na skafu shingoni unavuta kibegi cha magurudumu. Mimi nanuka katoni na kaa.

Mpaka saa 3 ni kupima, kupitisha eksirei na kubandika lebo, huku kaa hai wanaokwenda China wakikwaruza ndani ya maboksi yao. Mwenye mito ya sponji amenuna: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000, kilo zake 20 zikawa 60. Ndege inauza nafasi pia, siyo uzito tu.

Saa 4 akaja kaka wa Kariakoo. Katoni 9 za viatu vya watoto kutoka Guangzhou. Akanisomea namba, ikaishia na 9.

"Kaka, namba hii siyo."

"Hata kompyuta hujagusa!"

Foleni nzima ikageuka. Namba ya mzigo wa ndege ina tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Saba zinazofuata ukizigawa kwa 7, kinachobaki ndiyo tarakimu ya mwisho. Haiwezi kuwa 7, 8 wala 9. Nikaiandika ili aridhike, mfumo ukaikataa, basi mfumo ukawa mbovu na mimi nina dharau. Tukabishana weee, hadi akafungua picha ya WhatsApp aliyotumiwa. Mwandishi wa kule 4 yake huifunga kichwa, ndiyo kaka akaisoma 9.

Sasa ikafunguka. Katoni 6 zimekuja na ndege ya asubuhi, 3 zimebaki njiani. Ni ndege ya abiria. Mabegi yao yakijaza tumbo, mzigo unasubiri.

"Lakini simu inasema imefika!"

"Iliyofika ni ndege, kaka."

Hapo ndipo tunapotukanwa kila siku. Simu haioni katoni. Inaonyesha alichoandika mtu, na mtu mwenyewe leo ni mimi, na nilikuwa sijahesabu.

Nikaingia ndani. Bati linachoma. Tano nikaziona haraka. Ya sita ilijificha nyuma ya vipuri vya gari, pembe imelowa, lebo imekunjika, nikainyoosha kwa kidole gumba ndipo nikasoma. Nikarudi kuandika: zimepokelewa 6 kati ya 9. Nikamwambia bado forodha. Sirudii alichojibu.

Sijui chipsi zangu nilikula saa ngapi, zilikuwa baridi. Mchana ukaenda hivyohivyo: simu, foleni, kaa wengine.

Usiku nimevua viatu, ujumbe ukaingia. "Dada, zile tatu?"

"Ndege haijaruka, kaka."

"Sawa. Nakuja saa 1 asubuhi."