Satellite ya P.O.D., mziki wa kilokole usiofanana na ulokole

Mwambie mtu "bendi ya Kikristo" atawaza kinanda na mapambio, sasa mfungulie P.O.D. uone atakavyokuangalia. Hawa jamaa wanne ni wa kusini mwa San Diego, California, karibu kabisa na mpaka wa Mexico, na kwenye albamu yao ya Satellite wamechanganya roki nzito, rapu na rege bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwimbaji wao Sonny Sandoval ana marasta, anachana, anapiga makelele, ila ukitega sikio unakuta anaongea habari za Mungu muda wote. Wuv aliyepiga drams humo ni binamu yake, kwa iyo ni mambo ya ndugu na mtaa.

Albamu ilitoka tarehe 11 Septemba 2001. Ndio, siku ileile. Yani siku ambayo watu walitakiwa waende dukani kununua sidii wakawa wamekaa mbele ya tivii wanaangalia majengo ya New York yanaanguka, na cha ajabu Slayer nao walitoa albamu siku hiyohiyo, yenye jina la kusema Mungu anatuchukia wote, sasa we fikiria. Ungesema Satellite imekwisha habari yake kabla haijaanza. Lakini wimbo wao Alive ulishakuwa redioni tangu kabla, na ni wimbo wa mtu anayeshangilia kwamba yuko hai basi, haukuandikwa kwa ajili ya msiba wowote, watu wenye hofu wakaung'ang'ania wenyewe. Albamu ikafika namba 6 kwenye chati ya Billboard na Marekani peke yake ikapata platinamu tatu, yani kopi milioni 3. Bendi ya walokole hiyo!

Ila kwangu mimi wimbo wenyewe ni Youth of the Nation. Machi 2001, wakiwa bado wanaandaa albamu, mwanafunzi wa shule ya Santana pale Santee, jirani tu na San Diego, aliwafyatulia risasi wenzake, wawili wakafa. Wimbo ukatokea hapo. Zile drams zinatembea kama gwaride, Sonny anasimulia mtoto mmoja mmoja taratibu, hahubiri wala hatoi majibu, halafu mwishoni inaingia kwaya ya watoto na aisee nywele zinasimama. Wahubiri wengi wangeweka mistari ya Biblia pale, yeye kaacha watoto waimbe tu.

Ngoma ya Boom mi huwa nairuka, samahanini, ni ya kurukaruka uwanjani na ikishaisha imeisha. Watu wengi nao hawafiki huku mwishoni ambako kuna wimbo Ridiculous wakiwa na Eek-A-Mouse, mwimba rege wa Jamaika, na nyingine wamemuita H.R. wa bendi ya panki ya Bad Brains, tena wanamtaja Jah, yani Mungu kwa jina la Marasta, waziwazi. Hapo ndo wazee wa kanisa wanaanza kukunja uso 😂 na sio mara ya kwanza, albamu yao ya 1999 kava lake lilikataliwa kwenye maduka ya Kikristo hukohuko kwao.

2003 mpiga gitaa Marcos Curiel akatoka, akarudi 2006. Albamu mbili zilizotoka katikati hapo nimezisikiliza, sio mbaya, ila gitaa lake unalitafuta hulioni.

Kama hujawahi kuwasikia anza na Youth of the Nation, tena kwa hedifoni, achana na spika ya simu.