Siku moja na Carina inayokunywa maji bila kudondosha tone

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipo gereji, yaani gereji bubu chini ya mwarobaini huku Tabata, msije mkadhani tuna lifti na vigae. Carina Ti ya mzee mmoja imelala hapa toka jana, nilimwambia aiache usiku mzima ipoe kabisa maana kuna kitu nataka kukiona injini ikiwa baridi, ikishapata moto sikioni tena.

Saa moja mzee kafika. Shikamoo mzee, marahaba fundi, afu akaanza: gari inakula maji, anatembea na dumu la lita tano kwenye buti, na chini hakuna hata tone. Rejeta kabadilishiwa, wota pampu kabadilishiwa, themostati (kile kivalvu kinachozuia maji mpaka injini ipate moto) iling'olewa ikatupwa (hii tabia yetu mafundi ya kung'oa themostati kila gari ikichemsha sijui nani alitufundisha), na fundi wa mwisho kamwambia gasketi ya hedi (ile bapa inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imeungua, lete hela tufungue. Sasa mzee anataka mimi nifungue. Nikamwambia mzee wangu, hedi haifunguliwi kwa kuhisi, nipe mpaka saa nane.

Saa moja na nusu nikajaza maji, nikachomoa stiki ya oili. Oili safi, hamna ule utando wa chai ya maziwa unaotokea maji yakiingia kwenye oili. Hapa ndo wengi wanafurahi mapema, eti oili safi basi gasketi nzima, wakati gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji tu na oili isijue chochote. Nikapapasa kapeti chini ya deshibodi, kavu, kwahiyo hita haivuji. Nikawasha. Ikamisi, yaani ikatetemeka kama silinda moja haifanyi kazi, kama sekunde tano hivi ikatulia, na mimi nimeshika mpira wa juu wa rejeta, dakika mbili hazijaisha mpira umekaza kama tairi la baiskeli na injini bado ya baridi unaweza kuilalia. Maji ya baridi hayaleti presha ile bhana. Hiyo ni gesi ya kwenye silinda inapenya kwenye maji.

Mzee akasema kuna mtu kamwambia anuse moshi wa ekzosti, ukiwa na harufu tamu ni kulanti (ile dawa ya kupozea injini) inaungua. Kweli kabisa, ila gari yake imenyweshwa maji ya kisima miaka yote, atanusa nini sasa?

Saa tatu dogo wa hapa gereji kaleta mbwembwe zake, kavalisha glovu ya hospitali kwenye mdomo wa rejeta, ikasimama vidole vyote kama mtu anapiga saluti, wateja wakacheka. Nzuri kwa kuchekesha, ila glovu kujaa peke yake sio ushahidi, maji yakipata moto yanapanuka na hewa inapanda. Nikachomoa plagi zote nne. Tatu zina rangi ya kahawia, ya silinda ya tatu nyeupe safi kama imeoshwa. Na ndo imeoshwa kweli, kwa mvuke.

Saa nne kupima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, kwa psi. 170, 168, 155, 170. Dogo akashangilia, kaka gasketi nzima! Na kwa namba hizo huwezi kumlaumu, hii injini ya 5A hata 142 bado inakubalika, na tofauti kati ya silinda isizidi 14, hapa ni 15, nani atafungua hedi kwa ajili ya namba moja? Ila tundu dogo linaweza lisionekane kwenye geji kabisa, geji inapima mpigo mfupi tu na gesi haipati muda wa kuvuja.

Saa sita ugali na dagaa. Katikati nikabadilisha breki padi za Vitz, hamna cha kusimulia.

Saa saba ndo kazi yenyewe. Nina plagi ya zamani niliyovunja udongo wake wa katikati nikaunga mpira wa kompresa. Unapandisha pistoni juu kabisa valvu zote zimefunga, unafunga hii plagi, unaingiza upepo huku mfuniko wa rejeta uko wazi. Pistoni isipokaa juu sawasawa upepo unazungusha injini, na ukisahau spana kwenye puli utaikumbuka kwa maumivu, kidole changu shahidi. Silinda ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, mzee mwenyewe kachungulia rejeta, mapovu bulu bulu bulu kama sufuria ya maharage. Hakuuliza swali tena.

Saa nane tukaanza kufungua. Bolti kumi, dogo kaenda kuanza na za katikati nikamzuia mkono, unalegeza kutoka nje kuja ndani kidogo kidogo la sivyo hedi inapinda. Saa kumi na nusu hedi ipo mezani. Gasketi imelika ukingoni mwa silinda ya tatu, kama nilivyotegemea, ila pembeni yake sasa, hedi yenyewe imeliwa, vishimo vishimo kuzunguka tundu la maji. Chumvi ya kisima na aluminiamu haviivi. Nikalaza rula ya chuma, nikapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake, mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.05 na hapa ya 0.10 inapita bila kusukuma. Mzee akauliza kwani huwezi kupaka gundi afu tukafunga gasketi mpya? Naweza mzee, na baada ya mwezi utakuwa hapa hapa.

Akanyamaza muda mrefu, akahesabu vidole, akasema ipeleke.

Saa kumi na mbili hedi iko kwenye gunia, kesho asubuhi inapanda bodaboda kwenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani wajaze vile vishimo kwa kuchomelea wasawazishe uso. Mzee kaondoka na daladala, dumu la lita tano kaniachia, anasema nimwagilie mwarobaini.