Eti sihesabiwi

"Wewe mjomba huhesabiwi."

Kadhi ndiye aliyesema, yule mpwa wangu, nanyi mnamjua Kadhi: akishatoa hukumu hakuna rufaa. Nywele zimemganda usoni, maji yanamchuruzika puani, na wala hakunitazama. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimeenda nayo kazini nikarudi nayo. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake, tumesoma arubaini ya ami na barua yangu ya uhamisho wa Garsen imetoka, lakini mimi niko na Kadhi tu.

Bwawani tulikwenda kwa sababu bahari haikuwa ya watoto. Mvua imenyesha bara, Sabaki imeteremsha tope lake lote, na ghuba nzima imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Basi nikalipa kiingilio kwenye hoteli moja. Soja akakagua nguo zao moja moja, eti pamba hairuhusiwi, akasita kidogo kwenye burkini ya Kadhi, lile vazi la kuogelea la kufunika mwili, kisha akatupisha.

Mchezo wenyewe wamefunzwa na watoto wa wageni wa Kitaliano waliokuwa humo. Mmoja anafumba macho, anaita "Marco!", na wengine wote lazima waitikie "Polo!" Yeye anafuata sauti mpaka aguse mtu, na huyo aliyeguswa ndiye atakayefumba. Ukitoroka nje ya maji akakubaini, umekwisha. Wakacheza kidogo, Kadhi akasimamisha. Marco Polo hakufika Malindi, akasema. Aliyefika ni Vasco, 1498, wamesoma shuleni na nguzo yake ipo. Kwa hiyo ikawa "Vasco!" na "Da Gama!" Wale Wataliano hawakubisha hata kidogo. Kasoro ni kwamba Da Gama ni refu. Polo unaitema unazama. Da Gama, kitindamimba wetu bado yuko kwenye "ga", mkono umeshamfikia.

Ndipo likaja suala la ukuta. Wadogo walikuwa wakiganda ukutani, Kadhi akaupiga marufuku. Mimi nimesimama upande wa kina, maji kifuani, nikaguswa. Nikafumba macho nianze kuita.

"Wewe mjomba huhesabiwi."

"Kwani nimekufa?"

"Hujafa. Wewe ndiwe nguzo. Nguzo haikimbii."

Tangu hapo nimemjibu kimoyomoyo kwenye foleni ya benki, kwenye tuktuk, hata msikitini, Mungu anisamehe. Jibu tamu kuliko yote limenijia Jumatano, wakati halina kazi tena: hata nguzo yenyewe ilihama! Iliwekwa kwanza karibu na nyumba ya sultani, ule msalaba wake ukawakera watu, ikaondolewa, baadaye ndiyo ikasimamishwa kule kwenye rasi inapopigwa picha leo. Nikafurahi peke yangu mezani. Kisha nikakumbuka kwamba habari ya Garsen bado sijawaambia.

Nikiacha kujitetea, lakini, nakumbuka kilichofuata. Ukuta umeharamishwa, wadogo hawafiki chini, basi wote wakanirukia mimi. Mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kitindamimba shingoni, kucha zimeniingia, pumzi yake inanuka chipsi na dawa ya bwawa. Kadhi anakuja macho yamefumbwa, vidole vinapapasa maji. "Vasco!" Kitindamimba akaitikia kwa mnong'ono sikioni mwangu, ili isihesabike kuwa amenyamaza, akaniambia, "Usisogee, mjomba." Sikusogea. Mguu umenikaza msuli, niko vilevile. Mkono wa Kadhi ukanigusa tumboni, ukasita, ukanijua, ukapita.

Nawaambia, sijapata kushikwa na raha kama ile tangu arusi ya dada. Tulipotoka maji nilikuwa natembea nachechemea huku nacheka, soja ananitazama.

Ila usiku huu mawingu yamejaa upande wa baharini, na yule fundi wa makuti alichukua arbuni ya paa la jikoni kwa mama, akaapa Ijumaa atakuja. Ijumaa imepita. Simu inaita tu, haipokewi. Nasikia yuko Kakoneni anaezeka kwa mtu mwingine, labda kwa arbuni yangu, na mama ameshaanza kupanga sufuria chini ya mahali panapovuja.