Pete mgongoni

Jana mchana tulikuwa chini ya mwarobaini wa mama mwenye nyumba, tunachambua mchele, mara huyu wa kwangu akaniuliza, "Mama, nani kamwaga hela?" Jua la utosi lilikuwa linapenya kwenye majani, na vile viduara vya mwanga vimetapakaa ardhini pote. Akainama aokote kimoja. Nikamwambia hiyo si hela, ni jua. Akaniangalia kwa jicho lile analonitazamia nikimwambia dawa si chungu.

Nilitaka kurudi kwenye mchele wangu, ikashindikana. Alhamisi ile ya Septemba 1, 2016, siku jua lilipopatwa, ilikuwa imeshanijia kichwani.

Nilikuwa kidato cha tatu, pale pale kwenye shule yetu ya kata ninayowachosha nayo kila siku, bonde la Usangu, mwendo wa saa nzima kwa miguu hadi Rujewa, mji wa wilaya yetu ya Mbarali, Mbeya, na hapo umekaza. Mwaka ule ndio ada ilikuwa imefutwa. Ile 20,000 ya kutwa, iliyokuwa inamfanya mjomba apate safari ya ghafla kila Januari, ikaondoka, na kidato cha kwanza kikajaa mpaka wengine wanasomea dirishani. Rais naye akataka shule zote ziwe na madawati ifikapo mwisho wa Juni. Ya kwetu yalishushwa kwenye lori yakiwa bado yananuka vanishi, tukayagombea mpaka kiranja akapoteza kifungo. Mwalimu wa Fizikia hakushushwa kwenye lori.

Kwa hiyo habari za kupatwa kwa jua zikamwangukia mwalimu wa Jiografia, maskini, ambaye pia alikuwa anafundisha Kiswahili na kutunza stoo. Alikuja na chungwa, akafumba jicho moja, akaliweka lile chungwa mbele ya balbu ya tochi. Alieleza vizuri kabisa kwamba siku hiyo mwezi utakuwa mbali kidogo na dunia, utaonekana mdogo kuliko jua, hautaweza kulifunika lote, na pembeni itabaki pete. Hilo la pete halikumwingia mtu. Tulichosikia ni kwamba jua linapatwa, na maana yake kila mtu kijijini alikuwa anaijua tayari: giza, mchana kweupe. Wenzetu waliopanga mageto walinunua mishumaa. Kuna dada mmoja wa kidato cha pili alikuja na sweta, ameliviringisha kiunoni, eti usiku una baridi.

Rujewa kulikuwa hakuna pa kulala. Watu walikuwa wametoka mbali, wenye kamera na wenye mabasi, maana kwa nchi nzima kule kwetu ndiko kulikotajwa kwamba pete ingeonekana vizuri. Sisi hatukupelekwa. Mkuu wa shule alitangaza paredi kwamba hana bajeti ya kutupeleka mahali ambako jua ni lile lile. Halafu akaongeza, "Na atakayeangalia kwa macho makavu akapofuka, asiniletee mzazi wake ofisini." Mpango wake wa kwanza ulikuwa kutufungia madarasani hadi mambo yaishe. Mwalimu wa Jiografia sijui alimwambia nini, maana kwenye saa nne aliingia na miwani ya karatasi, vioo vyake vyeusi kabisa, moja kwa kila darasa.

Moja. Darasa letu tulikuwa 80 na ushee.

Utaratibu ukawekwa. Foleni inaanzia kivulini chini ya mwembe wa ofisi, miwani iko mbele huko juani, kila mtu akiivaa darasa zima linamhesabia, "Moja! Mbili! Tatu! Leteee!" Mwalimu alikuwa ametuambia pete yenyewe itadumu kama dakika 3, basi. Waliokuwa wazuri kwenye Hesabu walianza kuhesabu vichwa vilivyo mbele yao, na ugomvi ukaanzia hapo. Wanafunzi Waislamu walikuwa wameruhusiwa kwenda msikitini kuswali swala ya kupatwa kwa jua, na kuna jamaa wawili watatu wa foleni yetu waliosikitika waziwazi kwamba wale wa msikitini hawakuchelewa wote kurudi.

Mbele yangu alisimama mwenzangu wa dawati, yule aliyekuwa anakwenda kuamia ndege shambani, ambaye kuanzia mpunga unapochanua hadi unavunwa daftari zake nilikuwa naandika mimi. Shati lake la shule lilikuwa limetiwa bluu nyingi mpaka linaelekea samawati, na begani lina kiraka cha kitambaa cheupe zaidi, kimeshonwa kwa mkono, nyuzi ndefu ndefu. Najua hivyo kwa sababu kwenye foleni ile hapakuwa na kingine cha kuangalia zaidi ya mgongo wake.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua, lakini si kama wa jioni, maana jioni kuna wekundu. Huu ulikuwa umepauka tu. Vivuli vilikuwa vikali, ungeweza kuona unywele mmoja mmoja kwenye kivuli cha kichwa cha mtu. Upepo ukapoa. Mbuzi wa mlinzi akaendelea kula.

Halafu nikaona mgongo wa mwenzangu umebadilika. Mwanzoni ulikuwa na madoa ya kawaida ya mwanga wa mwembe, baadaye yakawa yameumwa upande mmoja, na sasa yalikuwa na mashimo katikati. Pete. Zilikuwa nyingi, kubwa kubwa na ndogo, nyingine zimepandana, nyingine zimekatwa na mstari wa mshono. Majani yakitikisika zote zinahama pamoja kwenda kushoto, zinarudi. Moja ilikuja ikakaa juu ya kile kiraka, ikawa nyeupe kuliko zote, nikaona hadi nyuzi zikipita ndani yake. Niliweka kidole hapo. Pete ikapanda juu ya kucha yangu.

"Acha kunisukuma," akasema, bila kugeuka.

"Nyamaza, usitikisike."

"Kuna mdudu?"

Nikatazama chini. Ardhi yote ya chini ya mwembe, juu ya viatu vya watu, kwenye vumbi, kwenye mizizi, kwenye ndoo ya maji ya walimu, ni pete tupu. Na hakuna aliyekuwa anaangalia. Watu 80 wamenyanyua shingo kuelekea kwenye miwani moja, wanapiga kelele, "Tatu! Leteee!" Nilijaribu kumwonesha aliyekuwa nyuma yangu, akadhani nataka kumchukulia nafasi.

Mwenzangu ilipofika zamu yake alitoka kivulini, na pete zikabaki bila mgongo. Mimi nilipovaa miwani nilikuta kipande cha rangi ya machungwa kilichoachia upande mmoja. Pete ilikuwa imeshakatika. Niliporudi chini ya mwembe madoa yote yalikuwa miezi michanga, imegeukia upande mwingine.

Kilichobaki ni haraka. Giza halikuja. Watu walisubiri hadi saa saba, wakaanza kudai, kana kwamba mwalimu wa Jiografia ndiye aliyeliuza. Mishumaa ikatumika kusomea geto. Wiki iliyofuata tukapewa jaribio tuchore kupatwa kwa jua, karibu wote tukachora lile la kitabuni, la giza kamili, nikiwemo mimi, maana ndilo lenye maksi.

Huyo mwenzangu aliacha shule kabla ya kidato cha nne, na ada ilikuwa bure. Siku hizi ana mpunga wake na trekta la kukodisha. Jana usiku nilimpigia kumuuliza kuhusu zile pete.

"Pete gani?"

Nikamweleza, mwembe, foleni, kiraka. Akafikiri. Akasema anachokumbuka yeye ni kwamba siku ile makande yaliungua kwa sababu mpishi alikuwa ameacha sufuria jikoni akaja kuangalia jua. Hilo mimi silikumbuki hata kidogo. Kiraka anakikumbuka, lakini anasema kilikuwa kwenye kiwiko.

Sasa sijui. Huenda niliziona ardhini tu, nikazipandisha mgongoni mwake miaka iliyofuata, nikiwa peke yangu. Ila kidole changu kinakumbuka zile nyuzi.

Nikamwambia Mei 21, 2031 pete nyingine itapita Tanzania, nitamleta mtoto aone.

"Karibuni sana," akasema. "Ila njooni na miwani zenu. Mimi foleni sipangi tena."