Nakala ya Ishirini na Sita

Leo mchana nimekiharibu kibao cha lino nilichokuwa nikichapia picha yangu, "Pantoni ya Alfajiri". Nilichukua patasi yenye ncha ya V nikakata mistari miwili mirefu kutoka pembe hadi pembe, mmoja ukipita juu ya paji la uso la mwanamke aliyebeba beseni la samaki, mwingine ukikipasua chumba cha nahodha. Picha iliyonichukua wiki tano kuichonga ilikwisha ndani ya dakika moja, na mkono ulitetemeka kuliko nilivyotarajia.

Jambo hili lilianza wiki iliyopita, meneja wa hoteli moja aliponipigia simu. Alikuwa ameiona nakala namba 9 ukutani kwa rafiki yake, akataka 40 za namna ile kwa ajili ya vyumba vya wageni. Nilimweleza kwamba toleo lile lilikuwa na nakala 25 tu na kwamba zilikuwa zimebaki mbili. "Lakini kibao si bado unacho, dada?" aliuliza, na kwa kweli swali lake lilikuwa la haki. Kibao nilikuwa nacho, wino nilikuwa nao, na fedha alizozitaja zingelipa kodi ya chumba changu cha kazi hapa Kinondoni kwa mwaka mzima. Nilimwomba anipe siku mbili za kufikiri, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nilichohitaji ni siku mbili za kuzisikitikia fedha zile.

Wachapaji wanaokwaruza picha moja kwa moja juu ya bati la shaba kwa sindano wana kisingizio ambacho mimi sina. Ule ukingo wa shaba unaoinuka kando ya mkwaruzo, ambao ndio unaoshika wino na kuupa mstari wake ulaini, hulala kidogo kila bati linapopita chini ya mashine, kiasi kwamba baada ya nakala chache picha huanza kufifia yenyewe. Lino haina tabia hiyo. Ni mafuta ya kitani na unga wa gome la mti wa koki vilivyogandishwa juu ya kitambaa, na kwa hapa Dar es Salaam ukiianika juani kwa dakika kumi inalainika na patasi inapita kama kisu kwenye samli iliyoganda. Lakini ikishachongwa, inaweza kuchapa mamia ya nakala bila kulalamika. Kwa hiyo ile 25 haikuamuliwa na kibao, niliiamua mimi. Nilipoiandika kwa penseli chini ya kila picha, upande wa kushoto, namba ya nakala juu ya idadi ya toleo zima, nilikuwa nikiweka ahadi ambayo hakuna chombo chochote duniani kingenizuia kuivunja.

Wanunuzi wa hapa nyumbani hawaioni ahadi hiyo mara moja, na siwalaumu. Tumekulia katika mji wa Tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama wake kwa rangi za mafuta juu ya vibao mwishoni mwa miaka ya 1960, waliojifunza kwake na waliowafuata wamekuwa wakimrudia chui yule yule na ndege wale wale, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu kila kimoja kimepakwa rangi kwa mkono upya. Mteja aliyezoea soko hilo akiambiwa kwamba picha imekwisha, hudhani anapandishiwa bei. Wapo walioniambia waziwazi kwamba hizo namba ni maneno ya biashara tu.

Ni maneno ya biashara, nakubali, lakini yana daftari nyuma yake. Kila namba ina mstari wake: tarehe, jina la mnunuzi, bei, na sahihi yangu. Mstari wa namba 3 ni wa mwalimu wa sekondari aliyelipa kwa awamu tatu kwa M-Pesa, wakati bei ikiwa chini ya nusu ya ilivyo sasa, kwa kuwa hupandisha bei kadiri toleo linavyopungua. Nilipokuwa nikimfikiria meneja na nakala zake 40, sura iliyokuwa ikinijia ni ya mwalimu yule akiifungua bahasha.

Daftari hilo lilitokana na kosa langu mwenyewe. Katika toleo langu la pili, umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuweka sahihi, nikaendelea kwa mwanga wa simu, na bila kujua nikaandika 17/25 kwenye karatasi mbili. Moja ilikwenda Arusha na nyingine Muscat, kwa Mzanzibari anayeishi huko, na ni huyo aliyeona kwenye picha za simu kwamba mwenzake ana namba kama yake. Ilibidi nakala yake irudi, niifute na kuiandika upya 18/25. Gharama ya kuirejesha na kuituma tena ilizidi faida yangu, na karatasi ya pamba haisahau: ukiitazama kwa pembeni, pale pa namba pametoka manyoya. Tangu siku hiyo siweki sahihi baada ya magharibi.

Karatasi yenyewe inastahili shajara yake. Natumia Rosaspina, karatasi ya kuchapia ya kiwanda cha Fabriano, gramu 285 kwa mita ya mraba, ambayo wasafiri huniletea kutoka Italia ikiwa imeviringishwa. Karatasi moja ya sentimita 70 kwa 100 hutoa vipande vinne. Karatasi nane hutoa 32. Ukitoa 25 za toleo na tatu za msanii, hubaki nne tu za majaribio, na msimu wa masika, unyevu unapozikunja kingo, nne hazitoshi.

Usiku wa pili nilimkumbuka kifaru wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, picha ya kibao cha mbao ya mnyama ambaye Dürer hakuwahi kumwona. Hakuahidi idadi yoyote. Desturi ya kuhesabu nakala ilikuja Ulaya karne kadhaa baadaye. Basi waliokirithi kibao waliendelea kukichapa miaka mingi baada ya kifo chake, hadi nakala za mwisho zikawa na ufa. Naipenda picha hiyo, lakini sitaki kibao changu kiniponyoke namna ile.

Asubuhi nilimpigia meneja nikamwambia kwamba naweza kumchongea picha nyingine, isiyo na namba, kwa bei nafuu zaidi. Alisema atafikiria.

Baada ya kukikata kibao nilikipaka wino na kuchapa karatasi moja ya mwisho, kama ilivyo desturi, iwe ushahidi kwamba kimefungwa. Kijana ninayemfundisha aliitazama muda mrefu ikiwa bado mbichi kwenye kamba, mistari miwili myeupe ikimkata mama wa samaki. "Dada," akasema, "hii ndiyo nzuri kuliko zote. Tuiuze shilingi ngapi?"

Nimeiweka kwenye droo, chini ya daftari.