Filimbi inaita, debe linafukuza

Nimechoka kuambiwa maziwa. Amonia ikivuja, hakosekani mtu wa kusema wapeni watoto maziwa, yanaosha sumu. Jamani, maziwa yanakwenda tumboni, gesi inaingia mapafuni! Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi Mwanza, kwenye mtaa wa mlimani, na chini yetu ufukweni kuna kiwanda cha samaki ambacho vyumba vyake vya baridi vinatumia amonia.

Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja jioni. Ilianza harufu ya choo cha stendi, kisha macho yakawasha kama dawa ya nywele imeingia. Nikafanya nilichokizoea: nikapuliza filimbi. Sasa, Msukuma akisikia filimbi au mwano, yaani mlio wetu wa kuitana kwenye hatari, hakimbii, anakuja. Sungusungu wakatoka na marungu, wakateremka mbio kuelekea kiwandani wakiuliza mwizi yuko wapi, na watoto nyuma yao. Vijana wawili niliwadaka mashati kwa mikono yangu. Mbele yao ukungu mweupe ulikuwa unatambaa mtaroni. Amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka kwa wingi ikiwa bado ya baridi hutambaa chini hivyo hivyo.

Tulipogeuka tukakosea tena. Tulikimbia kupanda mlima, na upepo wa ziwa jioni nao unapanda mlima. Gesi ikatufuata hadi juu. Hakufa mtu, lakini waliolazwa hospitali ni majirani zangu, na aliyewaita ni mimi.

Nililala vibaya wiki nzima nikiwaza Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu walivyolikimbilia lori la mafuta lililopinduka, wakafa zaidi ya 100. Milio yetu yote, filimbi, yowe, mwano, inasema njoo. Upi unasema ondoka?

Jibu alinipa bibi mmoja mkulima wa mpunga. "Mwanangu, ndege shambani tunawafukuza kwa nini? Si debe?" Nilimshika mikono. Tukakubaliana: filimbi ni mwizi, debe ni gesi. Tukazungusha madebe matupu kila baada ya nyumba chache, hela ndogo tu, nadhani haikufika elfu thelathini. Watoto walijifunza kabla ya wakubwa.

Juu ya jiwe kubwa tulisimamisha mti wenye kipande cha kanga nyekundu. Ukisikia debe, tazama kanga kwanza. Usikimbie na upepo wala usiufuate ulikotoka, ukate ubavuni. Mchana kwetu hutoka ziwani, usiku mara nyingi hugeuka, kwa hiyo anayekukaririsha njia moja anakudanganya. Na hii ni ya amonia. Klorini ya kutibu maji ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni, hiyo unaikimbia kwa kupanda.

Kiwandani walinikatalia kwanza, eti nitazua taharuki. Nilikwenda mara nne. Mwishowe tukaelewana kwamba mlinzi wa zamu anipigie mimi kabla ya kumtafuta bosi wake.

Ilipovuja tena, alipiga. Nikapiga 114 ya Zimamoto, nikashika debe. Kanga ilikuwa imelalia upande wa sokoni, tukatokea upande wa shule. Kila mtu na kitambaa kilicholowa puani, maana amonia hunywewa na maji, ila kitambaa ni cha kukutoa hapo, si cha kukaa nacho. Mzee mmoja asiyeweza kutembea tulimfungia madirisha, tukaziba chini ya mlango kwa mataulo yaliyolowa, mjukuu wake akabaki na simu.

Uwanjani nilihesabu kaya kwa kaya. Alikosekana yule bibi. Kisha tukamsikia kabla ya kumwona, anakuja taratibu, kitenge kilicholowa kimemfunika hadi puani, debe kwapani, bado analipiga. Ilibidi tumnyang'anye.